Manjano Kando ya Bonde

Mashamba mengi yana pembe iliyo karibu na bonde ambapo miche ya mikarafuu hufa. Mwenyewe huipanda tena masika yakija, nayo hufa tena, kwa kuwa mkarafuu hauvumilii maji kutuama mizizini. Sisi twaona yatosha. Hapo na pawe pa manjano.

Manjano hupenda unyevu, ila tunguu lake huoza likilowa daima. Kwa hiyo inua matuta ya futi moja. Mizizi yake ni mifupi, haihitaji zaidi. Maua yake ya rangi ya manjano hafifu hayaleti mbegu. Hupandwa vipande vya tunguu vyenye macho mawili, masika yaanzapo, inchi 2 chini ya udongo, futi moja baina yao, vikafunikwa majani makavu.

Baada ya miezi 8 au 9 majani hukauka, ndipo uchimbe. Usianike mabichi: chemsha kwanza mpaka kijiti kipenye, ndipo rangi ienee sawasawa. Wala usiyaanike juu ya jamvi la karafuu, maana doa lake halitoki. Yakivunjika kwa mlio, yamekauka.