Kurudia Kihispania kwa Video

Mnamo 1980, katika jimbo la Florida nchini Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Jamaa zake, wasemaji wa Kihispania, walitaja neno "intoxicado", wakimaanisha kwamba amedhurika na kitu alichokula. Madaktari walielewa kuwa amezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa ikivuja ndani ya ubongo. Ilipogunduliwa, kijana alikwisha kupooza mikono na miguu.

Wahudumu wengi wa afya nchini humo walisoma Kihispania shuleni, kisha kikawatoka. Kwao masomo ya marudio kwa video, yanayofuatwa nyumbani baada ya zamu, yana manufaa ya kweli. Mfano ni Nuevos Destinos, vipindi 15 vilivyotokana na Destinos ya 1992, tamthilia ya mafunzo yenye vipindi 52. Wakili Raquel Rodríguez anamtafuta mke wa kwanza wa mzee Fernando, na safari yake ya Hispania, Argentina, Puerto Rico na Meksiko humsikilizisha mwanafunzi lafudhi mbalimbali. Palipomshinda hurudia hata mara kumi, bila aibu.

Lakini video haiulizwi swali. Nchini Hispania "constipado" ni mwenye mafua. Daktari aliyezoea Kiingereza husikia aliyefunga choo. Kosa hilo hugunduliwa kwa kumwuliza mgonjwa tena: unaumwa wapi, tangu lini? Kwa historia ya ugonjwa na kibali cha upasuaji, aitwe mkalimani aliyefuzu, hata kama daktari amemaliza vipindi vyote. Mgonjwa naye asione haya kumdai.