Daraja la RNA na Dawa za Kifua Kikuu

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, wachimbaji hupasua na kusaga miamba yenye silika. Vumbi lake likivutwa kwa miaka mingi hujeruhi mapafu, na mapafu ya namna hiyo hushambuliwa kwa urahisi na bakteria wa kifua kikuu. Namna mojawapo ya kuwashinda bakteria hao ni kuzizuia ribosomu zao zisifanye kazi.

Ribosomu ndiyo inayounda protini katika seli. Ina vipande viwili, kidogo na kikubwa, mfano wa mawe mawili ya kusagia mtama: moja peke yake halisagi. Kwanza kipande kidogo hushika RNA inayobeba ujumbe wa jeni. Kisha kikubwa huja kuungana nacho.

Kwa miaka mingi RNA ya ribosomu yenyewe ilidhaniwa kuwa kiunzi tu cha kushikilia protini. Mwaka 2001 Harry Noller na wenzake, wakitumia eksirei, walionyesha umbo la ribosomu nzima ya bakteria. Ilidhihirika kwamba madaraja mengi yanayounganisha vipande hivyo viwili yamejengwa kwa RNA. Katika daraja mojawapo, mkono mrefu wa RNA ya kipande kidogo, iitwayo 16S, hugusana na kitanzi cha RNA ya kipande kikubwa, iitwayo 23S.

Dawa ya kapreomisini hujipachika papo hapo darajani. Vipande hubaki vimeshikamana, lakini ribosomu haiwezi tena kusogea juu ya ujumbe. Kanamisini nayo hushika mkono huo huo wa 16S.

Hata hivyo, RNA hiyo ina herufi zipatazo 1,500, na moja tu, ya 1401, ikibadilika kutoka A kuwa G, kanamisini hushindwa, na mara nyingi kapreomisini pia. Badiliko hilo hutokea kwa nasibu. Matibabu yasiyotosha huua bakteria wengine na kuwaachia nafasi wenye badiliko wazaliane.

Sindano hizo pia ziliwapotezea wagonjwa wengi uwezo wa kusikia, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziondoa katika mapendekezo yake. Miongoni mwa dawa za vidonge zinazotumika sasa imo linezolidi, ambayo hushika RNA ya kipande kikubwa. Herufi za RNA hiyo nazo zaweza kubadilika. Kwa hiyo mgonjwa anayekatiza dozi huhatarisha dawa ya wenzake pia.