Kompyuta ya zamani ikigomea mfumo mpya

MICROSOFT ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kwa mwenye kompyuta ya mkononi ya zamani, Sengerema au kwingineko, kuhamia Windows 11 si jambo jepesi: inadai kumbukumbu ya GB 4, diski ya GB 64 na kinga ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi kongwe hazina.

Umeme ukikatika huku betri imechoka, kazi hukwama katikati. Hapo usikimbilie kufuta diski. Washa mashine kwa flashi yenye Linux, unakili nyaraka zako, ndipo ujaribu kurejesha mfumo wa awali. Kwa kawaida, nakala yake hutunzwa siku 10 tu. Ikishindikana, toleo jepesi la Linux, lisilolipiwa, litafaa.