Bega la Karl Spooner

Katika mchezo wa besiboli hapana mchezaji atazamwaye kwa macho mengi kuliko mrushaji, kwa maana yeye husimama peke yake juu ya kichuguu kidogo katikati ya kiwanja, mpira u mkononi mwake, na hakuna jambo liwezalo kutokea mpaka aridhie kuurusha. Mbele yake, umbali wa futi 60 na inchi 6, amesimama hasimu mwenye rungu, ambaye mipira mizuri mitatu ikimpita asiipige hana budi kuondoka kwa fedheha. Kazi hii hulitaka bega lizunguke kwa nguvu ambazo maumbile hayakulikusudia, ndiyo sababu daftari za mchezo zimejaa majina ya vijana waliokipanda kichuguu hicho msimu mmoja, na msimu wa pili wasionekane.

Mimi huvutwa zaidi na wale wa Dodgers, timu iliyokuwa na maskani yake Brooklyn, katika mji wa New York, hadi mwaka 1957. Miongoni mwao alikuwako Dan Bankhead, ambaye tarehe 26 Agosti 1947, miezi minne baada ya Jackie Robinson kuufungua mlango uliokuwa umekomewa watu weusi, alikuwa mrushaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika karne hiyo. Wapigaji wa Pittsburgh hawakumkirimu hata kidogo: walimpiga mapigo 10 katika zamu tatu na ushei. Lakini yeye aliposhika rungu kwa mara ya kwanza, aliupeleka mpira nje ya uzio. Na kwa kuwa warushaji aghalabu ni wapigaji hafifu, ilikuwa kama mpishi aliyeombwa kwa mzaha aimbe, akamshinda mwimbaji wa arusi. Alirusha katika michezo 52 tu ya ligi kuu.

Tommy Lasorda hakupata hata hiyo. Mei 1955 alirusha mipira mitatu iliyokwenda arijojo katika zamu moja, na mwezi uliofuata akarejeshwa ligi za chini ili nafasi yake ipewe kijana wa miaka 19, jina lake Sandy Koufax. Nani leo, akijua jinsi Koufax alivyokuja kung'ara, atailaumu klabu?

Ama Karl Spooner, huyo ndiye anisikitishaye. Alikuja kutoka Fort Worth, Texas, akiwa na umri wa miaka 23, mrushaji wa mkono wa kushoto, na tarehe 22 Septemba 1954 akakabiliana na Giants, ambao siku mbili nyuma walikuwa wamekwisha kulitwaa taji la ligi. Aliwatoa wapigaji 15 kwa mipira yao mitatu mitatu, wala hakuna aliyefunga. Siku nne baadaye akawatoa 12 wa Pittsburgh, nao pia hawakufunga. Jumla ni 27, na 27 ndiyo hesabu kamili ya watu wanaopaswa kutolewa ili upande mmoja umalize mchezo wa zamu tisa. Washabiki wa Brooklyn wakanung'unika kwamba lau angaliletwa mapema, taji lisingaliwaponyoka.

Katika mazoezi yaliyofuata, kabla ya msimu wa 1955, alirusha kwa nguvu zake zote ilhali mwili haujapata moto, bega likaumia, na ile kasi haikurudi kamwe. Alijikokota hata akashinda michezo minane, na tarehe 3 Oktoba, katika fainali dhidi ya Yankees, akapewa mpira kuanza mchezo wa sita. Alimtoa mtu mmoja tu; Yankees wakafunga mara tano kabla zamu ya kwanza haijaisha, akaondolewa. Kesho yake Johnny Podres aliwashinda Yankees hao 2 kwa 0, na Brooklyn ikapata ubingwa wake wa kwanza katika fainali hizo. Spooner, aliyekuwa na miaka 24, hakurusha tena mpira katika ligi kuu.