Miksi ya Chumbani Inahitaji Sikio la Pili

Kompyuta moja, kipaza sauti, hedifoni na programu kama FL Studio au Cubase vinatosha leo kumfanya kijana wa Tandale au Kayole awe mtunzi, mpiga biti, mwimbaji na fundi wa kumiksi kwa wakati mmoja. Uhuru huu una matunda yanayosikika: singeli, muziki wenye kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika, ilikulia katika studio ndogo za mitaani Dar es Salaam. Hata hivyo, chumba cha mtu mmoja kimempoteza mtu muhimu aliyekuwapo katika studio za zamani, yule aliyeketi kwenye mitambo akisikiliza kazi ambayo hakuitunga. Nafasi yake sasa inajazwa na marafiki wanaotumiwa wimbo usiku na kuulizwa, “Unauonaje?” Maoni ya namna hiyo mara nyingi hayamsaidii mtu. Yanaanza kusaidia pale mwenye wimbo anapoyachukua kama ushahidi wa kile ambacho sikio lake haliwezi kukisikia, kisha akautafuta mwenyewe ufumbuzi.

Sikio lake linashindwa kwa sababu zinazoeleweka, hata akiwa na kipaji kikubwa. Ya kwanza ni chumba. Katika chumba chenye urefu wa mita 3, sauti ya besi ya kama Hertz 57 hugonga kuta mbili zinazotazamana na kurudi ikijikuta yenyewe: karibu na ukuta inavuma kupita kiasi, na katikati ya chumba inakaribia kupotea. Aliyeketi katikati ataona besi haitoshi, ataiongeza, na wimbo ukifika kwenye spika kubwa za matatu utanguruma hadi maneno yazame. Ya pili ni maumbile. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Bell Labs nchini Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo, sikio hupoteza besi kwa haraka kuliko linavyopoteza sauti za kati. Anayemiksi kwa sauti kubwa huridhika na besi ambayo msikilizaji wa sauti ya chini hataipata. Ya tatu ni mazoea: mtunzi anayajua maneno yake, hivyo akili yake humkamilishia hata silabi zilizofunikwa na kinanda.

Hapo ndipo mtu wa pili anapohitajika, na swali analoulizwa ndilo linaloamua thamani ya jibu lake. “Unauonaje?” huzaa “Moto sana, kaka,” kwa kuwa rafiki anajibu urafiki. Mpe badala yake kazi ya kufanya. Muziki wetu, kuanzia taarabu mpaka bongo fleva, unabebwa na maneno. Basi mwombe mtu asiyeujua wimbo aandike ubeti wa kwanza kama alivyousikia. Palipo na pengo au neno lisilo sahihi, pachunguze kwanza. Mwingine asikilize kwenye spika ya simu, mwingine kwenye gari, mwingine kwa hedifoni, na kila mmoja ataje ni wapi palimchosha au palimkera. Ukiwapa miksi mbili walinganishe, hakikisha zina ukubwa mmoja wa sauti, maana masikio hupendelea iliyo kubwa zaidi hata kama tofauti ni ndogo, nawe utadhani wamechagua iliyo bora.

Majibu yakirudi, yaamini malalamiko na uipime tiba. Msikilizaji ni kama mgonjwa mbele ya daktari: anajua panapouma, lakini jina la ugonjwa si kazi yake. Akisema, “Ongeza sauti ya mwimbaji,” alichothibitisha ni kwamba hamsikii vizuri. Huenda kinanda na gitaa vimejazana kati ya Hertz 1,000 na 4,000, eneo linalobeba sehemu kubwa ya uwazi wa maneno, na kuvipunguza hapo kutamfanya mwimbaji asikike bila kumgusa. Lalamiko moja likitoka kwa watu watatu wenye vyombo tofauti, kasoro karibu hakika imo ndani ya miksi. Likitoka kwa mmoja tu, sikiliza kwanza chombo chake kabla hujagusa kitu.

Wapo watakaosema kwamba mita za kwenye programu na nyimbo za kulinganishia zinatosha. Ni zana nzuri, na anayezipuuza anajinyima. Lakini mita itaonyesha besi imezidi, haitaonyesha kwamba kiitikio hakimnyanyui mtu kitini. Wengine wanahofia kwamba maoni mengi huufanya wimbo ufanane na kila wimbo. Hofu hiyo ina msingi pale maoni yanapofuatwa kama amri. Bruce Swedien, aliyemiksi “Billie Jean” ya Michael Jackson kwa ajili ya albamu ya Thriller ya mwaka 1982, alisimulia kwamba walifika miksi ya 91 kabla prodyuza Quincy Jones hajaomba kuisikia tena ile ya 2, na hiyo ndiyo iliyotolewa. Kisa hicho kinaunga mkono pande zote mbili. Marekebisho yasiyo na kikomo hayakuleta ubora, na aliyeliona hilo ni mtu ambaye mikono yake haikuwa kwenye mitambo.

Kwa hiyo hifadhi kila toleo, rekebisha jambo moja kwa wakati, kisha mrudishie wimbo mtu yuleyule aliyelalamika. Malalamiko yakigeuka kuwa tofauti za ladha, huyu akitaka besi zaidi na yule akitaka ipungue, ushahidi umekwisha na uamuzi ni wako. Toa wimbo.