Uso unaowaka ughaibuni: mtego wa krimu za kujichubua

Wengi wanaotoka Mombasa, Kampala au Tanga kwenda kufanya kazi Riyadh huona mabadiliko usoni mapema: ngozi hukauka, hupasuka, kisha huwasha.

Riyadh iko bara, na wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40 huku hewa ikiwa kavu mno. Jeddah, iliyo kando ya Bahari ya Shamu, ina unyevu na jasho kama Pwani yetu. Lakini katika miji yote miwili watu hushinda kwenye viyoyozi, navyo hukausha hewa ya ndani.

Tabaka la juu la ngozi ni mfano wa ukuta. Seli zilizokufa ndizo matofali, na mafuta yaliyo baina yake ndiyo udongo unaoyashikanisha. Mafuta hayo yakipungua, maji hutoka mwilini na vitu vikali hupenya. Sabuni ya kufulia huyaondoa upesi.

Hata hivyo, adui mkubwa ni mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zimekutwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali, dawa ambazo daktari huziruhusu kwa muda mfupi tu. Steroidi hutuliza wekundu huku zikiikondesha ngozi. Anayeziacha baada ya miezi mingi huona uso ukiwaka na kuvimba, akadhani krimu ndiyo iliyokuwa ikimlinda, akairudia. Hapo ndipo mtego ulipo. Kenya, Tanzania na Rwanda zilikwisha kupiga marufuku krimu zenye zebaki na haidrokwinoni, lakini biashara yake haijafa.

Ngozi iliyoumia haihitaji vipodozi zaidi, bali vichache. Acha manukato, limau na kusugua. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu, ukaushe kwa kuugusagusa na taulo, kisha upake mafuta ya mgando yasiyo na harufu ungali na unyevu. Ni yale yale waliyotupaka bibi zetu asubuhi za kipupwe. Jikinge na jua. Ngozi hujifanya upya kwa muda wa wiki nne hivi, ila aliyetumia steroidi kwa miaka huenda akangoja miezi, na ni vyema aziache akiwa chini ya uangalizi wa daktari.

Kumwona daktari si hisani ya mwajiri. Kanuni za wafanyakazi wa nyumbani zilizopitishwa nchini Saudi Arabia mwaka 2013 ziliitaja huduma ya afya kuwa haki ya mfanyakazi.