Mchezo hauna Februari 29, deni la mpakani linayo

BWERA, Kasese – Kijana wa Kasese anayecheza Europa Universalis IV kwenye kompyuta akifika Februari 28, 1448, siku inayofuata ni Machi 1. Mwaka huo ulikuwa mrefu, wenye siku 366, lakini ndani ya mchezo Februari 29 haipo. Mchezaji mgeni hudhani programu ina hitilafu.

Si hitilafu. Mchezo huo wa kampuni ya Paradox ya Uswidi huanza Novemba 1444 na kumalizika mwanzoni mwa 1821, na kila mwaka umepewa siku 365 tu. Kwa kipindi chote hicho, zaidi ya siku 90 zimeachwa. Mchezo mwingine wa kampuni hiyo, Stellaris, umerahisisha zaidi: kila mwezi una siku 30, na mwaka siku 360.

Kalenda nyepesi hupunguza hesabu. Mapato ya dola huingia kila mwezi mpya, uwe wa siku 28 au 31. Hakuna anayepunjwa, kwa kuwa wachezaji wote wanafuata kalenda moja.

Mpakani Mpondwe, mambo ni tofauti. Ukivuka kutoka Bwera kwenda Kasindi, saa inarudi nyuma: saa tatu asubuhi Uganda ni saa mbili mashariki mwa Kongo. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo, inaweza kubadili saa yenyewe bila mwenyewe kutambua. Aliyeahidi kupokea mzigo wa saruji "saa nne" bila kusema ni saa nne ya wapi, anaweza kumweka mwenzake juani saa nzima.

Tarehe nazo zina mtego wake. Deni la siku 30 lililochukuliwa Januari 30, 2027 litaiva Machi 1. Likichukuliwa tarehe hiyohiyo mwaka 2028, ambao ni mrefu, litaiva Februari 29. Lakini aliyekopa kwa "mwezi mmoja" Januari 30, 2027 anaweza kudaiwa Februari 28, siku moja kabla ya yule wa siku 30.

Riba pia hupinda kwa kalenda. Tuseme mfanyabiashara amekopa shilingi milioni 10 za Uganda kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, alipe baada ya siku 90. Mkopeshaji akihesabu mwaka wa siku 360, kama ule wa Stellaris, riba ni shilingi 600,000. Akihesabu siku 365, riba ni kama shilingi 591,800. Tofauti ni zaidi ya shilingi 8,000, na inakua kadiri mkopo unavyokua. Njia zote mbili hutumika katika biashara ya fedha duniani. Kosa ni kutia sahihi bila kujua ni ipi.

Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mazungumzo mengi yamehusu ushuru na vyeti vya asili ya bidhaa. Hesabu ya saa na siku haisubiri mkutano wa mawaziri. Inatosha kuandika kwenye risiti tarehe kamili ya kulipa badala ya "mwezi mmoja", kutaja "saa ya Uganda" au "saa ya Kongo", na kumuuliza mkopeshaji mwaka wake una siku ngapi.

Mali kauli, lakini kauli ya mpakani iandikwe.